Ibn Nafis, Tabibu Aliyeifuata Njia ya Damu

Katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, upande wa magharibi ya katikati ya mji wa Nairobi, hupelekwa wagonjwa wa moyo kutoka pande nyingi za nchi, na Pwani pia. Wengine wao wameharibika vali, yaani vilango vidogo vya moyo vinavyofunguka upande mmoja tu: damu ikishapita hujifunga, isirudi nyuma. Mtoto mwenye koo la kuuma akiachwa bila ya dawa, huweza kupatwa na homa ya baridi yabisi ikamharibia vilango hivyo.

Daktari hawezi kutambua kasoro ya vilango bila ya kujua njia ya damu. Njia ya kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi ilielezwa sawasawa na Mwislamu, Alaudin Ali, maarufu kwa jina la Ibn Nafis.

Alizaliwa karibu na Damascus mwaka 1213. Alisomea utabibu katika hospitali ya Nuri mjini humo, kisha akahamia Cairo, akapanda hadi kuwa mkuu wa matabibu wa Misri. Alikuwa pia mwanachuoni wa fiqhi ya Imamu Shafi, madhehebu ya watu wetu wa Pwani, akiifundisha katika madrasa ya Masruriya.

Zama hizo matabibu walimfuata Galen Myunani, aliyedai kuwa damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo kwa vitundu visivyoonekana. Mwaka 1242, kabla hajatimiza miaka 30, Ibn Nafis aliandika sherehe ya kitabu cha Ibn Sina, akayakataa madai hayo. Ukuta ule ni mnene, hauna tundu. Damu hutoka chumba cha kulia, huenda mapafuni ikachanganyika na hewa, ndipo ikarejea chumba cha kushoto.

Alifariki mwaka 1288. Imepokewa kwamba alishauriwa anywe mvinyo uwe dawa, akakataa. Nyumba na vitabu vyake aliviachia hospitali ya Mansuri.

Mwaka 1628 Harvey, Mwingereza, alitumia vilango vya mishipa ya mkono kuthibitisha kuwa damu huzunguka mwili mzima, akapata sifa zote. Ibn Nafis alisahauliwa hadi 1924, Mmisri Muhyidin Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipoufufua mswada wake.

Aliwaheshimu wakubwa wa elimu, lakini hakukubali neno kwa kuwa tu limesemwa na mkubwa. Mwenyezi Mungu amrehemu.