Makhan Singh: Mjue huyu mmoja, sura nzima ya vyama vya wafanyakazi ikae kichwani

Watahiniwa wa KCSE, sogeeni karibu. Ile sura ya kidato cha tatu kuhusu kupigania uhuru, 1919 hadi 1963, ina kipande cha vyama vya wafanyakazi ambacho kimejaa vifupisho mpaka kichwa kinauma. LTUK, AWF, EATUC, KFL, COTU. Madogo ninaosoma nao Jumamosi hapa Ngara huja wakiwa wamevikariri vyote, tena kwa mpangilio, kama mtu aliyetumwa mboga Marikiti. Lakini uliza tu, kipi kilimzaa kipi na kwa nini? Kimya. Mmoja anaanza kuangalia dirishani.

Shida ya orodha ni kwamba kitu kimoja hakivuti kingine. Maisha ya mtu yanavuta. Kwa hivyo kipande hicho chote mimi hukipitisha kwa mtu mmoja, na bahati nzuri mtu huyo alisoma hapa hapa mtaani. Anaitwa Makhan Singh. Kwenye ile mada ya maisha ya viongozi wa Kenya hayumo. Humo kuna Kenyatta, Odinga, Mboya, Moi, Ngala na Wangari Maathai. Yeye hupewa mstari mmoja au miwili kwingineko, unapita. Si haki, na pia ni hasara kwako wewe unayetafuta alama.

Alizaliwa Desemba 1913 huko Punjab, India, enzi hizo ikiwa chini ya Mwingereza kama sisi tu. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala aliyetangulia kuja Kenya kufanya kazi ya reli. Hapo kumbuka kwamba reli ya Uganda, 1896 hadi 1901, ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na ndiyo maana Ngara na Park Road zikajaa familia za Kihindi. Mji ulipangwa kwa rangi: Mzungu Westlands na Muthaiga, Mhindi Ngara na Parklands, Mwafrika Pumwani na Kaloleni. Ukiulizwa athari za ubaguzi mijini, anzia hapo.

Makhan alifika Nairobi 1927 akiwa na miaka 13. Mwaka mmoja kabla, 1926, alikuwa amefariki Manilal Desai, yule mwanahabari Mhindi aliyemsaidia Harry Thuku na gazeti lake la East African Chronicle. Wengi tunapita Desai Road kila siku tukitafuta viatu vya mtumba na hatujiulizi Desai ni nani. Basi ni huyo. Ishike hivi: Thuku na Desai ni miaka ya ishirini, Makhan Singh anaanza pale Desai alipoachia.

Kijana aliingia shule ya serikali ya Wahindi, ile ambayo leo ni Jamhuri High School. Alikuwa na kichwa chepesi, akapita mitihani, lakini pesa ya kuendelea na masomo haikuwepo. Akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha uchapishaji cha baba yake. (Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili kwa sababu hizo hizo, kwa hivyo hapa huwa nampenda zaidi.) Usidharau hiyo kazi ya uchapishaji. Mtu mwenye mashine ya kuchapa anaweza kutoa vipeperushi usiku na asubuhi mji mzima unasoma. Baadaye karatasi zake zilitoka kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, na serikali ilizichukia kuliko hotuba.

Sasa miaka. Mwaka wa 1935 anakuwa katibu wa chama kidogo cha mafundi Wahindi. Jambo la kwanza analolifanya ni kubadilisha jina na katiba: kinakuwa Labour Trade Union of Kenya, na mlango unafunguliwa kwa kila mfanyakazi bila kujali rangi wala dini. Manze, 1935! Wakati huo hata vyoo vya mji vilikuwa na rangi. Hoja yake ilikuwa rahisi tu. Mwajiri alikuwa anamlipa Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini kabisa, halafu anawatishia hao wawili wa chini kwa kila mmoja. Mkigawanyika, mshahara hauwezi kupanda. Hilo ndilo jibu la swali la kwa nini vyama vya mwanzo vilishindwa, na alikuwa amelijua akiwa na miaka 21.

Mwaka wa 1937, Aprili hadi mwanzo wa Juni, mafundi wa Nairobi wanagoma. Siku 62. Fikiria miezi miwili bila mshahara, mwenye nyumba hataki kusikia hadithi. Waajiri wakakubali: nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 25, na siku ya kazi ya saa nane. Ukiandika kwenye karatasi ya mtihani kwamba vyama viliboresha mazingira ya kazi, msahihishaji ameisoma hiyo sentensi mara elfu. Ukiongeza mgomo wa 1937, siku 62 na saa nane, anaona kwamba unajua unachosema.

Desemba 1939 anasafiri India. Vita vya Pili vya Dunia vimeanza, Mwingereza ana wasiwasi na kila mtu anayesema neno uhuru, na 1940 wanamkamata huko huko. Anazuiliwa hadi 1945 bila kesi ya maana. Kipindi hiki usikipe muda mwingi, mtihani wa Kenya haukijali sana. Kijue tu kwa sababu kinaeleza kwa nini hasikiki Nairobi miaka minane.

Na katika hiyo nafasi anaingia mwingine. Januari 1947 Mombasa inasimama, bandari, reli, hoteli, watu kama 15,000 kwa siku karibu 12, na kutoka hapo kinatokea African Workers Federation chini ya Chege Kibachia. Agosti mwaka huo huo mambo matatu yanagongana: India inapata uhuru, Kibachia anakamatwa na kupelekwa kuzuiliwa Baringo, na Makhan Singh anarudi Kenya. Agosti 1947. Ukishika mwezi huo mmoja umeshika AWF, umeshika mwisho wake, na umeshika mwanzo wa kinachofuata.

Serikali haikumtaka. Ilijaribu kumfukuza nchini, akakataa kuondoka, wakaenda mahakamani, akabaki. Halafu Mei Mosi 1949 akaunda East African Trade Union Congress pamoja na Fred Kubai. Kubai rais, Makhan katibu mkuu. Mwafrika na Mhindi kwenye meza moja, chama cha vyama. Serikali ilikataa kukisajili. Hapo pia una alama: kukataliwa usajili ni moja ya matatizo ya vyama vya wafanyakazi, na mfano wako ni EATUC, usiandike tatizo likiwa uchi bila mfano.

Mwezi Machi 1950 Nairobi ilipandishwa kuwa jiji, na Duke of Gloucester akaja kutoka Uingereza na hati ya mfalme. Sherehe, bendera, farasi. EATUC ikawaambia watu wasiende, kwa sababu jiji hilo lilikuwa la matajiri wachache na wenye kulijenga walikuwa wanalala kumi kwa chumba. Sasa sikia kichekesho. Ile shule ya Makhan Singh ilikuja kuitwa Duke of Gloucester School, jina la mgeni yule yule aliyemsusia! Ilibidi uhuru uje ndipo ikaitwa Jamhuri. Nikiwasimulia madogo hiyo, hawasahau tena 1950.

Tarehe 23 Aprili 1950, ukumbi wa Kaloleni. Ni mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi. Watu walikuwa wanaongea kuhusu viti zaidi kwenye baraza la kutunga sheria, kuhusu marekebisho, pole pole. Makhan Singh anasimama na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Si viti. Uhuru. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kulisema hilo wazi kwenye jukwaa la Nairobi, na aliyelisema alikuwa Kalasinga mwenye kilemba, mbele ya umati wa Waafrika walioshangilia.

Wiki tatu. Hizo tu ndizo alizopewa. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wanakamatwa, na kesho yake mji unagoma. Siku tisa. Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, moshi wa kutoa machozi kila mahali, mgomo ukasambaa hadi miji mingine. Angalia walichotaka, kwa maana ndicho huulizwa: viongozi waachiliwe akiwemo Kibachia, mshahara wa chini uwe shilingi 100, na nchi iwe huru. Unaona kilichotokea? Mshahara na uhuru vimeingia kwenye karatasi moja. Ukiombwa kueleza mchango wa vyama vya wafanyakazi katika kupigania uhuru, hapa ndipo pa kusimama na kupiga kambi. Usikimbilie Mboya kabla ya kupita hapa.

Makhan alipelekwa Nyeri kusikizwa. Hakujitetea kama mtu anayeomba msamaha. Aliiambia mahakama kwamba Mwingereza hana haki ya kutawala nchi hii, na kwamba yeye ni mkomunisti na haoni aibu. Wakamfungia. Lokitaung kwanza, kule Turkana karibu na mpaka, baadaye Maralal, halafu Dol Dol. Kutoka 1950 hadi Oktoba 1961.

Piga hesabu polepole. Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952 na kuachiliwa Agosti 1961, karibu miaka tisa. Makhan Singh aliingia kabla yake na kutoka baada yake, miaka 11 na zaidi. Ukijumlisha ile ya India inapita 15. Mke wake Satwant Kaur alibaki Nairobi na watoto, na huwa najiuliza alikuwa anawaambia nini kila wakiuliza baba anarudi lini. Vitabu vya shule havina nafasi ya swali kama hilo.

Akiwa ndani, historia iliendelea, na wewe endelea nayo usiachie uzi. EATUC ilikufa. Kubai akaenda kuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, pamoja na Bildad Kaggia ambaye naye alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi. Hali ya hatari ikatangazwa 1952, KAU ikapigwa marufuku 1953, na vyama vya siasa vya Waafrika vikazimwa. Sauti iliyobaki ikawa ya wafanyakazi, chini ya kijana Tom Mboya aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour. COTU ikaja baada ya uhuru, 1965. Basi vifupisho vyote vimekwisha na hukukariri hata kimoja.

Kwa wanaopenda hesabu, kuna njia ya kushika miaka yenyewe. 35 na 37, mbili katikati: anaunda, wanagoma. Ruka kumi. 47 na 49, mbili tena: anarudi, anaunda. Halafu 50 hadi 61, kumi na moja: yuko ndani. Funika simu, chukua karatasi tupu, andika hizo sita na tukio la kila mmoja bila kuchungulia. Ukikwama, kwama kwanza dakika nzima kabla ya kufungua daftari. Huko kukwama ndiko kunakofanya kazi. Rudia kesho, rudia tena wiki ijayo. Kusoma noti zile zile mara nne na kalamu ya rangi ya njano kunakufanya ujisikie umejua, ati, mpaka siku ya mtihani.

Alipotoka 1961 akajiunga na KANU. Uhuru ukaja 1963, vyeo vikagawanywa, yeye hakupata kitu. Wengi huona ni ule ukomunisti wake uliowatisha wakubwa wapya kama ulivyowatisha wa zamani. Mimi naona pia hakuwa mtu wa kupiga foleni kwenye ofisi za watu. Hakulalamika hadharani. Alikaa chini akaandika. Mwaka wa 1969 kitabu chake kuhusu historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952 kikatoka, na sehemu kubwa ya unayoyasoma kwenye sura hiyo kuhusu miaka ya thelathini na arobaini inatokana na mtu aliyekuwa pale, aliyetunza kila kipeperushi na kila barua.

Moyo ulimsimama Mei 1973, akiwa na miaka 59. Kitabu chake cha pili, kinachoanzia pale cha kwanza kilipoishia, kilichapishwa 1980 akiwa ameshaondoka. Makaratasi yake yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kutoka Ngara huko hata matatu huhitaji, unavuka tu Globe na kupanda kidogo.