Habari za Mfalme Rudahigwa wa Rwanda na Ng'ombe Zake

Walio wengi wetu huku Shinyanga na Geita twaijua njia ya Rwanda kwa ajili ya malori. Mizigo hushushwa katika bandari ya nchi kavu pale Isaka, ikapakiwa tena, ikapita Kahama na Lusahunga hata daraja la Rusumo. Lakini habari za wafalme wa nchi ile hatuzijui sana, ingawa zamani za Wadachi, hata mwaka 1916, sisi na wao tulikuwa chini ya serikali moja. Basi mwezi huu tumeona vema kuandika maisha ya Mfalme Mutara Rudahigwa, kwa kuwa sisi wafugaji tunayo sababu ya kumkumbuka.

Katika mji wa Nyanza, kusini mwa Rwanda, iko nyumba ya makumbusho juu ya kilima cha Rukari. Hapo zimejengwa upya nyumba za nyasi kwa mfano wa jumba la wafalme wa kale. Mbele iko nyumba kubwa ya mviringo ya mfalme. Nyuma yake ziko mbili ndogo, moja ya maziwa na moja ya pombe. Nyumba ya maziwa ilitunzwa na msichana asiyeolewa, na maziwa yaliwekwa katika vyombo vya mti, juu yake vifuniko vilivyosukwa kwa ustadi. Nyumba ya pili iliwekwa pombe ya ndizi, ya mtama na ya asali. Wala mgeni haonyeshwi vyombo vitupu tu. Nje wako ng'ombe hai, waitwao inyambo, wenye pembe ndefu za ajabu, nao wachungaji wao huwaimbia nyimbo za sifa. Karibu na nyumba hizo za nyasi imesimama nyumba ya kizungu, ambamo Rudahigwa alikaa na kutawala.

Alizaliwa Nyanza mwaka 1911, mwana wa Mfalme Yuhi Musinga. Huyu Musinga ndiye aliyewapokea wamisionari wa Bethel, ndugu zetu wa Kilutheri, walipofika Rwanda mwaka 1907. Yeye mwenyewe hakubatizwa, na Wabelgiji walipoitwaa nchi hakupatana nao. Rudahigwa alisoma katika shule ya wana wa watawala pale Nyanza, kisha akapewa sehemu ya nchi aitawale. Mwezi wa Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga katika kiti chake, wakampeleka mbali, na siku chache baadaye wakamtawaza mwanawe. Fikirini, wasomaji, jinsi ilivyo kupokea kiti cha baba yako aliye hai, kutoka mikononi mwa wale waliomfukuza. Musinga alifia uhamishoni katika nchi ya Kongo.

Rudahigwa alikuwa mtu mrefu sana, mpole wa maneno. Mwaka 1942 alimwoa Rosalie Gicanda, wasijaliwe mtoto. Mwezi wa Oktoba 1943 alibatizwa katika Kanisa la Roma, pamoja na mama yake, akaitwa Charles Léon Pierre. Na mwaka 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme. Si kanisa letu, lakini si neno dogo mfalme kupiga magoti.

Katika majira yale ya ubatizo wake njaa kuu iliishika nchi, njaa ambayo Wanyarwanda huiita Ruzagayura. Mvua zilikosekana, viazi vikapatwa na ugonjwa, na kwa ajili ya vita serikali ilikuwa ikidai chakula na kazi kwa watu. Maelfu wakafa, wengine wakakimbilia Kongo na Uganda, na ng'ombe wengi wakafa pamoja na wenyewe.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuchukue kalamu. Katika Rwanda ya kale ng'ombe alikuwa kifungo kati ya mtu na mtu. Mtu asiye na kitu alikwenda kwa bwana mwenye mifugo, akapewa ng'ombe amchunge. Alikunywa maziwa yake na kupata ndama dume, lakini ng'ombe alibaki mali ya bwana. Naye mchungaji alimtumikia bwana yule, akimjengea ua na kumfuata safarini, na bwana akamlinda mbele ya wenye nguvu. Desturi hii iliitwa ubuhake. Sisi Usukumani nasi twajua kumwekea jirani ng'ombe awachunge, tukamwachia maziwa. Lakini jirani wetu hawi mtumwa wetu kwa hayo. Kule Rwanda bwana aliyekasirika aliweza kumchukua ng'ombe na wazao wake wote, na mtu aliyelala akiwa na maziwa akaamka hana.

Mwaka 1949 iliondolewa kazi ya lazima ambayo wakulima waliwafanyia watawala siku kadhaa za kila juma kwa ajili ya mashamba yao. Kisha mwaka 1954 mfalme akatoa amri kubwa zaidi, kwamba ubuhake uvunjwe, bwana na mchungaji wagawane ng'ombe, kila mtu amiliki fungu lake. Mabwana wengi hawakuipenda amri ile, lakini ng'ombe wakaanza kugawanywa.

Lakini malisho hayakugawanywa. Nyasi zilibaki mikononi mwa wale wale wakubwa. Mtu alitoka na ng'ombe wake mwenyewe, asijue pa kumpeleka. Wengine wakarudi kwa bwana wa zamani kuomba nyasi, kama walivyokwenda kwanza kuomba maziwa. Msukuma hahitaji kufundishwa neno hili. Ndiyo maana wazee wetu walitenga ngitili, ili nyasi ziwepo wakati wa kiangazi; na nchi ya Shinyanga ilipokuwa tupu kama jangwa, kazi ya kuirudisha, iliyoanza mwaka 1986, ilifanikiwa kwa sababu ya ngitili hizo hizo.

Mwaka 1957 baadhi ya Wahutu wasomi waliandika waraka juu ya mashaka ya watu wao, na ardhi ikiwamo. Mfalme hakukubali kwamba kuna tatizo kati ya Wahutu na Watutsi. Twadhani hapo alikosea, maana amri yake ya mwaka 1954 ilikuwa ushuhuda kwamba alikwisha kuliona. Alikufa ghafula Usumbura tarehe 25 Julai 1959, baada ya kutibiwa na daktari wa Kibelgiji, na watu wamebishana juu ya kifo kile hata leo. Mwezi wa Novemba machafuko yakaanza. Mwaka 1961 ufalme ukaondolewa.

Mkewe Gicanda alibaki katika nchi, akakaa kimya katika mji wa Butare, hata mwezi wa Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari walipomtoa nyumbani mwake wakamwua. Kaburi lake liko Mwima, karibu na Nyanza, pamoja na la mumewe, si mbali na kilima ambapo ng'ombe wale wenye pembe ndefu wanachungwa.