Mwanachuo wa Helsinki

Tuwaonapo vijana wa Mbebe wakikwea milima ya Ileje kwenda shuleni, twamkumbuka marehemu Samson Kimobwa wa Kenya, aliyefariki mwaka 2013. Ndugu zetu wa Visiwani na viongozi wa michezo huenda wamelisahau jina hilo.

Kimobwa alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani. Masomo hayakumsubiri wala mazoezi hayakumhurumia. Mwaka 1977 alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani katika mita 10,000. Kisha tarehe 30 Juni, mjini Helsinki, akauzunguka uwanja mara 25 kwa dakika 27 na sekunde 30.5, akaivunja rekodi ya dunia ya David Bedford wa Uingereza, iliyodumu tangu 1973, kwa tofauti isiyofika nusu sekunde. Mwafrika wa kwanza kuishika rekodi hiyo, naye ana miaka 21!

Haikutimia mwaka. Juni 1978 Henry Rono, Mkenya mwenzake wa chuo kile kile, aliipunguza kwa sekunde nane. Hatuoni haki jina la Kimobwa kufunikwa kwa hilo. Kenya ilisusia Olimpiki ya 1976, katika msimamo wa Afrika dhidi ya makaburu ambao Tanzania nayo iliushika, ikasusia na ya 1980. Kimobwa akafariki bila medali ya Olimpiki.