Nabii Aliyeacha Warithi Wengi: Maisha ya Joseph Smith

Somo: Hesabu 27:15–23

Wengi wenu mmewaona wale vijana wanaotembea wawili wawili, shati jeupe, tai, na kibao cha jina kifuani. Juzi katika ibada ya vijana niliulizwa kama hawa Wamormoni ni kanisa moja ama ni mengi. Ni mengi, na yote yametoka kwa mtu mmoja. Kuhusu mafundisho yao, msimamo wetu mnaujua: sisi Biblia inatutosha. Leo lakini sitaki kubishana mafundisho. Nataka niwasimulie maisha ya mtu huyo, kwa sababu yana somo kwa kila kanisa lenye mwanzilishi, na letu likiwemo.

Joseph Smith alizaliwa tarehe 23 Desemba 1805 huko Sharon, jimbo la Vermont, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kuhangaika, leo hapa kesho pale. Akiwa mtoto wa miaka kama saba mfupa wa mguu uliingia ugonjwa, akapasuliwa bila dawa ya usingizi, na tangu hapo akawa anachechemea kidogo. Baadaye familia ikahamia Palmyra, jimbo la New York. Huko moto wa uamsho ulikuwa unawaka, Wamethodisti, Wabaptisti na Wapresbiteri wakivutana kwa waumini. Kijana akabaki akijiuliza ni nani yuko sawa. Alisema kwamba alitokewa na Mungu msituni, kisha malaika akamwonyesha mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani. Kutoka kwa mabamba hayo, kwa maelezo yake, akatafsiri Kitabu cha Mormoni. Mkulima mmoja, Martin Harris, aliweka shamba lake rehani ili nakala 5,000 zichapishwe, na mwishowe ikabidi auze sehemu ya shamba hilo kulipa deni. Tarehe 6 Aprili 1830 kanisa likaanzishwa rasmi huko Fayette, watu wachache tu ndani ya nyumba ya mkulima.

Kanisa lilikua haraka. Mwaka uliofuata walihamia Kirtland, jimbo la Ohio, na kufikia 1836 walikuwa wamejenga hekalu la mawe. Sasa hapa mimi niliyesomea biashara nasimama kidogo. Mwanzoni mwa 1837 Joseph na wenzake walifungua benki yao, ingawa bunge la jimbo lilikuwa limewanyima kibali. Wakatoa noti. Kabla mwaka haujaisha benki ilikuwa imeanguka, na akiba za washirika zimeenda nayo. Viongozi kadhaa wakajitenga, wengine wakafukuzwa. Huo ulikuwa mpasuko mkubwa wa mapema, na mwanzilishi bado alikuwa hai.

Wakaenda Missouri, ambako wengine wao walikuwa wametangulia. Wenyeji wakawaogopa kwa wingi wao na kwa kupiga kura pamoja, na chuki ikawa vita. Oktoba 1838 gavana alitoa amri kwamba Wamormoni waondolewe jimboni ama waangamizwe. Siku tatu baadaye watu 17 waliuawa mahali paitwapo Haun's Mill. Joseph alifungwa jela majira ya baridi yote, huku maelfu ya wafuasi wake wakivuka kwenda Illinois na watoto mgongoni.

Illinois ndiko alikofika kilele. Kando ya mto Mississippi, kwenye kinamasi, walijenga mji wa Nauvoo. Joseph akawa nabii, meya, jenerali wa jeshi la mji, na mdhamini pekee wa mali ya kanisa. Mwaka 1844 akatangaza kugombea urais wa Marekani. Na kwa siri alikuwa ameoa wake wengine. Wanahistoria wengi huhesabu zaidi ya 30. Emma, mke aliyemwoa 1827 na kuzika naye watoto kadhaa, alibeba uchungu huo nyumbani mwake.

Siri ikatoka. William Law, aliyekuwa mmoja wa washauri wake wa karibu, aligeuka, na yeye na wenzake wakachapisha gazeti la kumpinga. Lilitoka toleo moja tu. Joseph na baraza la mji wakaagiza mtambo wa kuchapa uharibiwe. Akashtakiwa, akawekwa jela ya Carthage. Tarehe 27 Juni 1844 kundi la watu wenye silaha, nyuso zimepakwa rangi, lilivamia jela na kumuua yeye na ndugu yake Hyrum. Joseph alikuwa na miaka 38. Emma alikuwa mjamzito.

Basi nani achukue kanisa?

Wapendwa, shida haikuwa kwamba Joseph hakuwahi kumtaja mrithi. Shida ni kwamba kwa nyakati tofauti aliwaelekezea vidole watu tofauti. Mwaka 1834 alikuwa amemweka David Whitmer katika nafasi ya kuweza kumrithi, lakini kufikia 1838 Whitmer alikuwa nje ya kanisa. Hyrum alipewa cheo cha kumsaidia, akafa siku ileile. Samuel, ndugu yao mwingine, akafa mwezi mmoja baadaye. Wengine walishuhudia kwamba nabii alimwekea mikono mwanawe, Joseph wa Tatu, lakini huyo alikuwa mtoto wa miaka 11. Mitume Kumi na Wawili nao walisema mzigo walikabidhiwa wao. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na mwenye kuamua alikuwa kaburini.

Tarehe 8 Agosti 1844 watu walikusanyika Nauvoo. Sidney Rigdon, mshauri wa kwanza wa marehemu, alijitoa awe mlezi wa kanisa. Brigham Young, kiongozi wa Mitume, alisema Mitume ndio wenye mamlaka. Wengi waliopiga kura walisimama na Mitume. Rigdon akaenda zake Pennsylvania, na kutoka kundi lake likatokea kanisa jingine lililoongozwa na William Bickerton, ambalo lipo hadi leo.

Akaja na James Strang, wakili aliyebatizwa miezi minne tu kabla nabii hajafa. Alikuwa na barua aliyosema ni ya Joseph ya kumteua. Maelfu walimfuata. Mwaka 1850 akajivika taji la ufalme katika kisiwa cha Beaver, jimbo la Michigan. Mwaka 1856 alipigwa risasi na watu waliowahi kuwa wafuasi wake. Akalala kitandani wiki kadhaa kabla ya kufa, na yeye pia hakumtaja mrithi! Kundi likatawanyika.

Young aliongoza walio wengi magharibi kuanzia Februari 1846, mto ukiwa umeganda barafu, hadi wakafika bonde la Salt Lake Julai 1847. Mwaka 1852 wakatangaza hadharani ndoa ya wake wengi. Emma alikataa kwenda. Tena yeye na Young walikuwa wamegombania mali, kwa sababu jina la Joseph lilikuwa kwenye mali ya kanisa na kwenye mali ya nyumbani, na madeni pia yalikuwa yamechanganyika. Ipi ni ya watoto, ipi ni ya kanisa? Mjane na mitume wakawa hawaelewani.

Mwaka 1860 yule mtoto, sasa mtu mzima, alikubali kuongoza waliobaki nyuma na kukataa ndoa za wake wengi. Kanisa lake ndilo leo linaitwa Community of Christ. Kule Utah, mwana wa Hyrum, Joseph F. Smith, akawa rais wa kanisa mwaka 1901. Hebu fikirieni: baba zao walikufa pamoja jela moja, saa moja, na sasa wana wao wanaongoza makanisa mawili yanayopingana. Ilikaa hivyo kwa miaka 13, mpaka Joseph wa Tatu alipofariki 1914.

Mgawanyiko haukuishia hapo. Mwaka 1890 kanisa la Utah lilitangaza kuacha kufungisha ndoa za wake wengi, na waliokataa wakaja kuunda makundi yao. Kanisa jingine dogo linashikilia kiwanja cha Independence, Missouri, ambacho Joseph alikiweka wakfu kwa hekalu mwaka 1831. Hata lile hekalu la Kirtland lilikaa mikononi mwa kanisa la mwanawe mpaka 2024, ambapo kanisa la Utah lililinunua pamoja na mali nyingine za kihistoria kwa dola milioni 192.5.

Mimi huwa nawaza kuhusu mama mmoja tu wa Nauvoo, ambaye jina lake halimo vitabuni. Ameacha Uingereza, ameuza vyombo, amezika mtoto njiani. Asubuhi moja anaambiwa achague: Rigdon, Strang, Young, ama abaki. Hakuna aliyemwandaa. Kosa halikuwa lake, lakini gharama aliilipa yeye.

Sasa fungueni Hesabu 27. Musa alipojua siku zake zinaisha, yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba Mungu aweke mtu juu ya mkutano, watu wasibaki kama kondoo wasio na mchungaji. Yoshua alisimamishwa mbele ya Eleazari kuhani na mbele ya watu wote, akawekewa mikono mchana peupe. Alikuwa mtu mmoja, na watu wote walishuhudia. Haikuhitajika barua ya kutoa mfukoni baadaye.

Kwetu sisi, kumuuliza Askofu nani atafuata kunaonekana kama kumtakia kifo. Na mchungaji msaidizi akiuliza, watu watasema anataka kiti. Nasema hata hivyo. Kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, kila mshirika aulize mambo matatu kwa heshima. Hati ya kiwanja chetu iko kwa jina la wadhamini ama la mtu? Nani wanaweka sahihi benki? Katiba inasema nini siku kiti kikiwa wazi, na je, wewe umeisoma? Kama majibu yapo, tumshukuru Mungu. Kama hayapo, tuyatafute sasa, wakati mzee wetu yuko na nguvu za kutujibu mwenyewe.

Tuwaombee viongozi wetu maisha marefu, na ujasiri wa Musa. Mungu awabariki.