Lord Kelvin: aliyewaza kiyoyozi kabla ya stima kuingia majumbani

Kaskazi ikishika, wenye uwezo hapa pwani huwasha kiyoyozi usiku kucha, kisha mwisho wa mwezi wakaiogopa bili ya stima. Wachache hujua kwamba hesabu za mashine ile zilipigwa zamani sana, tena katika mji wa mvua na baridi, Glasgow. Aliyezipiga ni William Thomson, ambaye dunia inamkumbuka kwa jina la Lord Kelvin.

Alizaliwa Belfast mwaka 1824. Mamaye alifariki yeye akiwa na miaka sita, naye babake, mwalimu wa hisabati, akawalea watoto na kuwasomesha mwenyewe. Baba alipopata kazi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, familia nzima ikahama, na William akaandikishwa chuoni humo akiwa na miaka kumi. Baadaye alisoma Cambridge. Mwaka 1846, akiwa na miaka 22 tu, akawa profesa Glasgow, na kiti hicho hakukiachia mpaka 1899.

Lililomshughulisha zaidi ni joto. Mwaka 1848 alipendekeza kipimo cha joto kinachoanzia kwenye ubaridi ambao hakuna chini yake, na ndiyo maana wanafunzi wetu wa fizikia wanahesabu kwa kelvin hadi leo. Alishika pia kanuni moja ambayo kila mpishi anaijua bila kuiandika: joto lenyewe hutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, halirudi nyuma mpaka lisukumwe.

Basi mwaka 1852 akauliza: kama linaweza kusukumwa, kwa nini tuchome makaa kupasha nyumba? Alieleza mashine inayovuta hewa ya nje na kuiacha itanuke. Hewa ikitanuka hupoa kuliko hali ya nje, kwa hiyo hunyonya joto huko huko nje, hata siku ya baridi. Kisha hubanwa, ikapata moto, ikaingizwa nyumbani. Alionyesha kwa hesabu kwamba nguvu inayotumika kuendesha mashine ni ndogo kuliko joto linaloletwa, kwa sababu joto halitengenezwi, linahamishwa tu. Na akaona kwamba mashine hiyo hiyo ikigeuzwa ingepoza majengo ya nchi za joto kama India. Sidhani kama mwenyeji wa kawaida wa huko alikuwa kwenye hesabu hiyo. Ulikuwa wakati wa ukoloni.

Wazo lilikaa tu. Makaa yalikuwa rahisi Uingereza, nani angehangaika na mitungi na pistoni? Mwaka 1856 Peter von Rittinger alijenga pampu ya joto kwenye kiwanda cha chumvi huko Ebensee, Austria, lakini ilichukua miaka mingi mpaka jumba la halmashauri ya mji wa Zurich lipashwe kwa joto lililovutwa kutoka mtoni, mwaka 1938. Kelvin alikuwa keshakufa zamani.

Utajiri na umaarufu wake ulitoka baharini. Waya wa simu wa kuvuka Atlantiki uliotandazwa 1858 ulikufa baada ya wiki chache, umeme mkali mno ukiwa umepitishwa ndani yake. Yeye alikuwa ameshikilia kwamba umeme mdogo unatosha ukiwa na chombo chepesi cha kuusoma, na chombo hicho akakiunda. Waya wa 1866 ulipofaulu akapewa heshima ya Sir. Mwaka 1879 waya za namna hiyo zilifika Zanzibar kutoka Aden. Tena alibuni mashine ya kukisia kupwa na kujaa kwa maji, na nahodha anayetazama jedwali la bamvua leo anakula matunda ya kazi ile.

Alikosea pia. Aliing'ang'ania hesabu yake ya umri wa dunia, akaifanya changa mno, na wanajiolojia waliompinga aliwasumbua kwa miaka. Mwilini alikuwa na kilema: aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu, akachechemea maisha yake yote. Mkewe wa kwanza, Margaret, aliugua karibu muda wote wa ndoa yao akafariki 1870. Hakujaliwa mtoto.

Alifariki Desemba 1907, akazikwa Westminster Abbey karibu na Newton.

Kiyoyozi cha leo hutumia gesi badala ya hewa tupu, lakini kazi ni ile ile: kuchukua joto la chumbani na kulitupa nje. Uniti moja ya stima huweza kuhamisha uniti tatu za joto. Ndiyo sababu kisanduku cha nje hupuliza hewa ya moto kichochoroni kwa jirani, huku bafuni mwa nyumba hiyo hiyo mwenyewe analipia stima nyingine kuchemsha maji ya kuoga, ilhali joto analolitupa lingeweza kuyapasha.