Marshall na Ujirani wa Viwanda

Alfred Marshall alizaliwa London mwaka wa 1842. Babake, karani wa Benki ya Uingereza, alikuwa mzazi mkali aliyetamani mwanawe awe kasisi. Kijana akachagua hisabati, na mwaka wa 1865 akashika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa somo hilo katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Hata hivyo, si hisabati iliyompa sifa. Wakati wa likizo alizuru mitaa ya makabwela, akazitazama nyuso za maskini, kisha akaamua kuchunguza chanzo cha ufukara. Mwaka wa 1877 alimwoa Mary Paley, aliyekuwa mwanafunzi wake. Kanuni za chuo zilimnyima nafasi yake kwa sababu ya ndoa hiyo, wakahamia Bristol. Alirejea Cambridge mwaka wa 1885 akiwa profesa, akafundisha hadi 1908.

Katika kitabu chake kikuu cha mwaka wa 1890 alieleza kwa nini watengenezaji visu walijazana Sheffield na wafumaji pamba Lancashire. Penye viwanda vingi vya aina moja, fundi hakosi kazi wala mwajiri hakosi fundi. Wauzaji wa vipuri na malighafi husogea karibu. Tena, siri za kazi huenea kwa mazungumzo ya kila siku, hata watoto wakazirithi bila kujua.

Marshall alifariki Julai 1924, mwaka ule ule reli ilipofika Eldoret. Mji huu nao ulikuja kuonja ujirani huo. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilianzishwa mwaka wa 1976, na mjini humu vikawepo pia viwanda vya sweta na mablanketi. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, mitumba ikafurika. Rivatex ikaporomoka, na mashine zikanyamaza. Hasara kubwa zaidi haikuonekana kwa macho: fundi alirudi kijijini na ujuzi wake, naye mkulima akaacha pamba.

Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho mwaka wa 2007, na mwaka wa 2019 kikazinduliwa upya kikiwa na mitambo ya kisasa. Hiyo ni hatua njema, kwani mwanafunzi hujifunza penye kazi. Lakini mashine hununuliwa. Ujuzi wa ujirani hauna duka. Bila mkulima, vinu vya kuchambua pamba, mshonaji na fundi wa vipuri, kiwanda hubaki yatima.

Ndiyo sababu tabia yetu ya kugawana viwanda kama nyama ya sikukuu, kila kaunti na kipande chake, yafaa ikomeshwe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walimu na wanafunzi wa Eldoret wanaomsoma Marshall kwa ajili ya mtihani tu, na watoke darasani wakahesabu: katika mnyororo wa pamba, ni jirani gani bado hayupo?