Mtemi Nyerere Burito, baba wa Mwalimu aliyetawala Butiama

Msikilizaji, jina la Nyerere unalijua. Lakini kabla ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, jina hilo lilikuwa la baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Butiama.

Burito alizaliwa mwaka 1860. Wakati huo viwavi walikuwa wamevamia mashamba, ndiyo maana akaitwa Nyerere, jina ambalo kwa Kizanaki maana yake ni viwavi. Mkulima wa Bunda au Musoma aliyewahi kupoteza mahindi kwa viwavijeshi ataelewa kwa nini wazee waliuweka mwaka ule kwenye jina la mtoto.

Zamani Wazanaki hawakuwa na mfalme mmoja. Mambo yao yaliamuliwa na wazee, marika na waganga wa mvua. Wajerumani walipokuja walitaka mtu mmoja wa kupokea amri, na mwaka 1915 wakamsimika Burito kuwa mtemi. Muda mfupi baadaye walishindwa vita, Waingereza wakaingia, nao wakamwacha kitini. Hapo ndipo palikuwa na ugumu wa kazi yake. Serikali ilimtegemea mtemi kukusanya kodi na kuamua kesi, na watu wake nao walimtazama yeye awatetee.

Mji wake ulikuwa Mwitongo. Alikuwa na wake 22, na nyumba zao zilizunguka zizi la ng'ombe. Mke wa tano, Mugaya Nyang'ombe, aliolewa mwaka 1907. Mwaka 1922 alimzaa Kambarage, aliyepewa jina la mzimu wa mvua. Mtoto huyo wa mtemi hakulelewa kwa kudekezwa. Aliishi katika nyumba ya mama yake, akalima na kuchunga kama wenzake.

Inasimuliwa kwamba Mtemi Ihunyo wa Busegwe, rafiki wa Burito, alimwona Kambarage akicheza bao kwa akili nyingi, akamshauri baba yake ampeleke shule. Burito alikubali. Mwaka 1934 kijana alianza masomo Mwisenge, Musoma, kilomita 40 hivi kutoka nyumbani, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Kwa mzee aliyezaliwa kabla ya Mzungu kufika Uzanaki, kumtoa mtoto zizini na kumpeleka darasani halikuwa jambo dogo.

Burito alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Kambarage alibatizwa na kuitwa Julius. Kiti cha utemi kilishikwa na mwanawe mwingine, Edward Wanzagi.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika, ikiongozwa na Julius, ilifuta madaraka ya watemi nchi nzima. Mtoto wa mtemi akaondoa kiti alichokalia baba yake, na ambacho kaka yake alikirithi. Wapo waliosikitika, lakini nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilihitaji sheria moja kwa wote.

Utemi ulikwisha, heshima ya mzee ikabaki. Makaburi ya Burito na Mugaya yapo Mwitongo, karibu na msitu wa Muhunda ambao Wazanaki wanauheshimu hadi leo, na Mwalimu mwenyewe amezikwa hapo hapo. Ukifika Butiama kwa mnada au kumsalimia ndugu, pita Mwitongo ukawaoneshe watoto.